Kaka Yetu Gramu na Kodi ya Soda

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, viongozi mliokuja wenyewe na mliotumwa, naomba mnitegee sikio. Mimi ni mdogo wake marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, fundi cherehani, wengi wenu nimewapima viuno, familia imenipa kazi ya kusoma historia ya kaka yetu, na kamati ya mazishi imenipa ushauri wa kuifupisha, ushauri ambao nimeupokea kwa heshima zote na nimeuacha nyumbani.

Kabla sijaanza niseme jambo moja ili baadaye tusilaumiane. Marehemu hakuomba jeneza la fahari wala kaburi la marumaru, aliomba kitu kimoja tu, kwamba mtu yeyote aliyeipiga vita kazi yake asisimame mbele ya jeneza lake kumsifu, alimwambia hivyo mkewe, akaniambia na mimi, tena kwa sauti ya mtu ambaye hajachanganyikiwa, "Wakinisifu wao, ndio watakuwa wamenizika kweli." Sasa ratiba mliyonayo mikononi inaonyesha kwamba baada yangu Mheshimiwa, mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Fedha, atatoa salamu kwa dakika kumi, na kwa kuwa ratiba hiyo ilichapwa kabla familia haijaiona, naomba tusome kwanza, hilo tutalifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu, fundi bomba, aliyetutoka mwaka 1975, na mama yetu, ambaye mnamwona hapa mbele, aliyeachiwa watoto wanne na kibanda kimoja mkabala na lango la kiwanda cha nguo. Kibanda kile kilikuwa chekundu, si kwa sababu mama aliipenda rangi hiyo, bali kwa sababu Kampuni ya soda, ambayo siitaji jina kwa kuwa limeshaandikwa vya kutosha kwenye kuta zetu, ilikuja na makopo ya rangi ikakipaka bure, ikaleta na friji lenye mlango wa kioo, bure vilevile, kwa sharti kwamba ndani yake visikae vinywaji vya mtu mwingine, hata maji, na afisa mauzo alipopita kukagua akikuta chupa ya maji imejificha nyuma ya soda aliitoa na kuiweka sakafuni mbele ya wateja, kama mtu anayetoa panya.

Sisi watoto tulikulia nyuma ya friji lile. Chupa iliyofika imemeguka mdomo haikuuzika na Kampuni haikuirudisha, kwa hiyo mama alimimina soda yake kwenye kitambaa safi ili vipande vya kioo vibaki juu, akatugawia, na kaka akiwa mkubwa ndiye aliyepata kikombe kikubwa, basi tangu akiwa na umri wa miaka tisa hakuna siku iliyopita bila kikombe chake, na sote tulihesabu hiyo kuwa bahati, tukiringia watoto wa majirani waliokuwa wakinywa maji ya bomba, maskini wa Mungu wale, ambao leo wana figo zao zote mbili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1973 hadi Novemba 1979, katika shule ambayo kibao chake cha getini kilitolewa na Kampuni, jina la Kampuni likiwa kubwa juu na jina la shule likiwa dogo chini, na mgeni asiyejua angedhani ndani mnatengenezwa soda. Aliendelea na sekondari mwaka 1980 hadi 1985, akajiunga na chuo kikuu Septemba 1987, akahitimu shahada ya uchumi tarehe 30 Novemba 1990. Sitaki kuficha lolote hapa, ada yote ile, viatu, godoro la bweni, nauli, vilitoka kwenye soda za mama, na kaka hakuwahi kulikana hilo, wala mama hakuwahi kumsimanga nalo.

Kuhusu kazi, aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991 na Wizara ya Fedha, idara ya sera za kodi, akakaa wizarani humo maisha yake yote ya utumishi. Nyumbani tulimwonea haya, maana mtoto wa fulani ni daktari, wa fulani ni rubani, wetu sisi ni mtu wa kodi, na tulipoulizwa tulijibu kwamba yupo ofisini tukabadilisha mazungumzo. Yeye aliipenda kazi yake mapenzi ya kutia huruma, angeweza kukuelezea ushuru wa viberiti mpaka chakula kikapoa, na aliyekuwa akimtania alimjibu kwamba kodi ni kama mchango wa msiba, kila mmoja anatoa kidogo ili asiwepo atakayezika peke yake.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, wifi yetu huyu, mwanamke pekee niliyemjua ambaye aliweza kumsikiliza kaka akieleza ushuru wa viberiti na akamuuliza swali. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1996, ambaye ni mhandisi wa maji, wa pili wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1999, fundi umeme, na kitinda mimba wa kike aliyezaliwa mwaka 2004, ambaye yuko chuoni, wote wapo hapa, na naomba wenye kamera wawaache walie bila kupigwa picha.

Sasa nafika mahali ambapo kamati iliniomba nipite haraka. Mama yetu alipatikana na kisukari mwaka 1998, macho yakaanza kufifia, kidonda kidogo cha kisigino kikakataa kupona, na tarehe 22 Juni 2009 mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Kaka alikuwa akimuuguza kila siku baada ya kazi, katika wodi ambayo vitanda vyote vilikuwa vya watu waliokatwa au wanaosubiri kukatwa, na nje ya mlango wa wodi hiyo, palepale, hatua moja ya mtoto, palikuwa na friji jekundu lenye mlango wa kioo, limewashwa taa ndani, wauguzaji wakitoka kufuta usaha wananunua hapo soda ya kumpelekea mgonjwa ili apate nguvu. Kaka alisimama mbele ya friji lile muda mrefu, mimi nilikuwa naye, nikadhani anataka kununua, kumbe alichukua chupa akaigeuza akawa anasoma maandishi madogo ya nyuma, na tangu siku hiyo hakuacha kugeuza chupa, iwe dukani, iwe kanisani, iwe kwa mkwe, kwenye harusi ya mwanangu mwaka 2012 aligeuza chupa ya baba yake bwana harusi pale meza kuu akamsomea kiasi cha sukari kwa sauti, tukatamani ardhi ipasuke.

Mnamo Februari 2011 aliandika pendekezo la ushuru ambao haukuhesabu chupa bali sukari iliyomo, kila gramu na ushuru wake, ili anayetia sukari nyingi alipe zaidi, anayepunguza apate nafuu, na maji yasiguswe kabisa, pendekezo rahisi kiasi kwamba hata mimi nililielewa nikiwa napiga pasi, na nadhani hapo ndipo lilipowatisha. Waziri wa wakati huo alilisoma, akamsifu mbele ya wenzake, akaenda nalo kwenye chakula cha mchana hotelini na wakubwa wa Kampuni, na aliporudi alikuwa na pendekezo jingine, kwamba wananchi wasitozwe bali waelimishwe, na elimu hiyo igharimiwe na Kampuni. Ndipo shule zetu zilipoletewa mipira yenye nembo na mabango yanayowaambia watoto kwamba unene unatokana na uvivu. Watoto wakacheza, wakatoka jasho, wakapewa soda.

Hakukata tamaa, akalirudisha pendekezo mara ya pili, likafika mbele ya Kamati ya Bunge mnamo Machi 2014, na huko ndiko alikopewa jina la Gramu. Alipewa na wakili wa Kampuni kwa dhihaka, alipouliza mbele ya ukumbi mzima, "Huyu Bwana Gramu, nyumbani kwake chai inapimwa kwenye mizani?" Watu wakaangua kicheko, na Mheshimiwa, aliyekuwa ndiyo kwanza amekalia kiti cha uenyekiti, alicheka mpaka akatoa leso, kisha akaongeza la kwake, kwamba amesikia mtaalamu huyu mwenyewe ana kisukari, basi asituonee wivu sisi tunaokunywa. Ni kweli alikuwa nacho, kiligunduliwa mwaka 2003, kile kikombe kikubwa hakikwenda bure, na nawaambia kwamba nimesikia maneno machafu mengi kwenye chumba changu cha kushonea, wanawake wakivua nguo huvua na siri, lakini sijasikia neno lililonitia kichefuchefu kama lile, mtu mzima, mwenye suti ya kukatwa vizuri, anamcheka mgonjwa kwa ugonjwa wake ili ugonjwa usitozwe kodi. Kaka alilibeba jina lile, akaanza kujitambulisha nalo mwenyewe, na ofisini walimwita Gramu mpaka mwisho, kwa mapenzi.

Wiki ya kikao kile afisa mauzo wa Kampuni, mwenye viatu vinavyong'aa na ulimi wa asali, alikuja kibandani kwa mama, akamwamkia shikamoo mara mbili, akakaa naye kwenye benchi, akamuuliza, "Mama, hii kodi ikipita si utafunga biashara?" Mama akajibu kama mfanyabiashara yeyote angejibu, "Nisipofunga nitauza nini, baba? Soda ndiyo iliyonisomeshea mwanangu." Alipigwa picha, akapewa fulana, na kesho yake picha ikawa ukurasa wa mbele wa gazeti, chini ya maandishi makubwa kwamba mama mzazi amempinga mwanawe, na Mheshimiwa akalipunga gazeti lile mbele ya Kamati akisema kwamba mtu asiyemhurumia aliyemnyonyesha atawahurumiaje wananchi. Nataka mlijue jambo moja kuhusu ile picha, kwa sababu mimi kazi yangu ni kukata na najua kitu kilipokatwa kwa makusudi, picha ile ilikatwa kiunoni. Magongo hayakuonekana, na mguu usiokuwepo haukuonekana.

Mama hakuweza kujisomea gazeti, macho yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo ni kaka aliyemsomea, neno kwa neno, na mama alipoanza kulia alimshika mkono akamwambia, "Mama, hukusema uongo hata kidogo," kisha akaomba chai isiyo na sukari na mazungumzo yakaisha. Siku chache baadaye mama aliwaita watu wa Kampuni waje wachukue friji lao, akamwambia mjomba akipake kibanda chokaa, majirani wakasema bibi amerukwa na akili, na kwa kweli mauzo yalishuka, wafanyakazi wa kiwandani wakahamia kibanda cha pili chenye vinywaji baridi, na mwezi Agosti 2015 kibanda kilifungwa baada ya zaidi ya miaka arobaini. Mwaka huohuo kaka alihamishwa kutoka sera za kodi akapelekwa stoo ya nyaraka, kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa barua iliyosema ni kwa maslahi ya umma.

Nisiwe mwongo, si wote waliompinga walikuwa wamenunuliwa. Wapo waliopinga kwa nia safi, kama jirani yetu mwenye duka, ambaye alikuwa akibishana naye kila Jumapili kwenye baraza hii hapa, akimwambia kwamba kodi kama hiyo itamuumiza mnyonge, tajiri hataisikia, na kaka alikubali kwamba hoja hiyo ina uzito, akamjibu, "Kisukari nacho kinamtoza mnyonge, ndugu yangu, tena hakitoi risiti." Wakakubaliana kwamba fedha zote ziende kwenye dawa na visima vya shule, hilo likaingia kwenye pendekezo la tatu, na jirani huyo ndiye aliyechimba kaburi leo asubuhi pamoja na wanawe. Ningependa ndugu zetu wa upande mwingine wajifunze kwake jinsi ya kumpinga mtu.

Mwaka 2018 alikuja Waziri mpya, mama ambaye mumewe alikuwa akisafishwa damu hospitalini, akamtoa kaka stoo akamwambia alete lile andiko lake, na safari hii muswada ulifika Bungeni. Tulijaa mbele ya televisheni ya wifi, tukapika, tukamwambia mama kila kinachoendelea. Na muswada ulipita, tarehe 27 Juni 2019, makofi yakapigwa, tukakumbatiana, mpaka kaka alipopiga simu na sauti yake ikatuzima, maana alikuwa amesoma kile kilichopitishwa, si kile alichokiandika. Kamati ya Mheshimiwa ilikuwa imeongeza kifungu dakika za mwisho kwamba vinywaji vyenye virutubisho havitatozwa, na Kampuni, kwa bahati ya ajabu ambayo hutokea kwa watu wema tu, ilikuwa imeshaagiza vitamini, chembe ya vitamini kwa kila chupa, sukari ikabaki palepale, na soda zake zote zikawa lishe. Na kwa kuwa serikali ilikuwa imeshaahidi mapato, ushuru ukahamishiwa kwenye vinywaji vilivyofungashwa visivyo na virutubisho, yaani maji. Mnanisikia vizuri, waombolezaji, walichukua kodi ya sukari, wakaipindua kama mfuko wa suruali, wakawatoza watu wanaokunywa maji.

Halafu wakasherehekea. Mheshimiwa aliitisha tafrija, akaiita sheria ile hatua ya kihistoria kwa afya ya taifa, akamwita kaka jukwaani kuwa ndiye baba wa sheria, wakampa ngao ya kioo na soda ya kupongezana, yenye vitamini, na alipoigeuza chupa kusoma maandishi ya nyuma watu wakapiga makofi wakidhani ni mzaha. Kaka aliipokea ngao kwa sababu hakulelewa kumkatalia mtu zawadi mbele za watu, akaja nayo nyumbani, na tangu hapo iko chini ya mguu wa meza ya jikoni ambao ulikuwa mfupi, meza haiyumbi tena, kwa hilo tunaishukuru Kamati ya Mheshimiwa.

Kuhusu ugonjwa, sitasema marehemu aliugua kwa muda mfupi, wala sitasema ni kazi ya Mungu, Mungu ana mengi ya kufanya, hajawahi kumiliki kiwanda. Figo zake zilishindwa kazi mnamo Septemba 2022, akaanza kusafishwa damu katika hospitali ya rufaa mara tatu kwa wiki, foleni ilikuwa ndefu na mashine zilikuwa mbovu, mpaka Mei 2023 zilipoletwa mashine mpya, zawadi ya Kampuni, kila moja ikiwa na nembo nyekundu kubwa ubavuni, usawa wa macho ya mgonjwa aliyelala. Siku ya makabidhiano Mheshimiwa alikata utepe, wagonjwa wakaombwa watabasamu, kaka akageukia ukutani, na picha zake zote za siku ile ni za kisogo. Nesi alipomuuliza kama ana maumivu alimjibu, "Waliniuzia ugonjwa, sasa wananiazima tiba na kunipiga picha." Lakini alilala pale, mara tatu kila wiki, kwa sababu mashine nyingine haikuwepo, damu yake ikitoka na kurudi chini ya nembo ile, na mimi niliyekuwa nakaa naye niliyashona macho yangu sakafuni nisiione.

Mwezi Machi mwaka huu, akiwa kitandani, kwa mkono uliovimba, aliandika marekebisho ya sheria ile, ukurasa mmoja tu, kukiondoa kifungu cha virutubisho na kuyaondolea maji ushuru, Waziri akayapeleka kwenye Kamati, na huko yapo hadi leo, hayajapangiwa siku. Mheshimiwa alikuja kumtazama mwezi wa Agosti, akiwa na mpiga picha na kapu, juu ya kapu yalikuwepo mapapai mawili na chini yake maboksi ya juisi ya Kampuni, kaka akamuuliza kuhusu ukurasa wake, naye akasema, "Pona kwanza, mzee, mengine tutaongea." Marehemu alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mkewe akiwa amemshika mkono, chanzo kikiwa ni figo zilizoharibiwa na kisukari, andikeni hivyo waandishi mliokuja, msiandike maradhi ya muda mrefu.

Sasa shukrani. Tunawashukuru madaktari na manesi wa kitengo cha figo, waliomhudumia bila kumchoka, hasa yule nesi aliyekuwa akibandika plasta nyeupe juu ya nembo kila kaka alipopangiwa mashine, mpaka alipoandikiwa onyo. Tunawashukuru wenzake wa idara ya sera za kodi, waliokuwa wakimtembelea hadi stoo kumuuliza hesabu. Tunawashukuru majirani kwa maji, kuni, mikeka na mabega yao.

Tunamshukuru pia mjomba wetu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye kwa wema na haraka alichukua ile barua inayotumika katika kila msiba wa mtaa huu, ile yenye nafasi ya kujaza jina la marehemu, akalijaza jina la kaka, akaipeleka kwa wafadhili walewale wa siku zote kuomba turubai, viti na vinywaji, na hakukumbuka mfadhili wa kwanza ni nani mpaka lori jekundu lilipokunja kona jana mchana. Mjomba, usijikune kichwa, tumekusamehe, ni mazoea, tumezoea kuzikwa na wanaotuua. Lakini mkiona vitambaa vyeupe vimeshonewa hapo juu kwenye turubai msidhani ni mapambo, ni mashuka yangu, chini yake kuna nembo, na kreti zote zimerudi zilikotoka zikiwa hazijafunguliwa. Mnachokunywa ni maji, na kwa sheria iliyopo maji hayo yamelipiwa ushuru, soda iliyorudi haikulipiwa.

Nimeambiwa pia, na aliyeniambia ameiona hotuba, kwamba Mheshimiwa amekuja kutangaza tuzo ya kila mwaka ya afya kwa jina la kaka yetu, itakayodhaminiwa na mnaowajua, ili jina la Gramu liwekwe ubavuni mwa chupa. Mheshimiwa, shikamoo. Umetuheshimu kwa kuja, kiti chako hatakigusa mtu, maji yapo, mikeka ipo, msiba ni wa wote, lakini kusema hutasema, na tuzo hiyo jina letu halimo. Mjomba asikuombee, na mimi usinitazame hivyo, mimi nimetumwa. Ukitaka kumsifu kaka yetu, ukurasa wake uko mezani kwako tangu Machi, upangie siku.

Zile dakika kumi za kwenye ratiba familia imezipangia kazi nyingine. Mama amesema hatapanda gari kwenda makaburini, anataka kumfuata mwanawe kwa miguu, na kwa kuwa ana mmoja tu na magongo, na njia ina mchanga, na haoni, itachukua muda. Nitakuwa upande wake wa kulia na wifi upande wa kushoto, mpiga picha yeyote atakayetaka kutupiga atupige wazima, kuanzia kichwani hadi chini, asikate. Naomba vijana mlioshika jeneza mwende mwendo wa mama, akisimama kupumua nanyi msimame, msimtangulie.

Pumzika kwa amani, kaka, tunakuja naye polepole.